Kutoka Nakivubo Hadi Butambala: Vilima, Baiskeli na Njia Ambazo Tayari Zipo

    Kama uko jikoni, endelea kupika, lakini sogeza redio karibu. Kama uko ndani ya teksi na jam ya jioni imekufunga hapo chini mjini, basi mazungumzo ya leo ni yako hasa.

Leo nataka tutoke mjini Kampala. Hatutoki kwa basi wala kwa bodaboda. Tunatoka kwa baiskeli. Tunaanzia Nakivubo, tunapanda vilima, tunashuka kwenye vinamasi, tunapanda tena, mpaka tufike Mpigi, na mwenye miguu mizuri aendelee mpaka Butambala. Nitawaambia njia inapita wapi, vilima vile vimekaaje, na nini cha kubeba. Lakini kuna jambo moja ambalo nitalirudia tena na tena, na naomba ulishike tangu sasa: njia nzuri za baiskeli katika nchi yetu hazihitaji kubuniwa. Zipo. Wanaozijua ni wale wanaobeba matoke, maziwa na mafenesi kwa baiskeli kila siku. Kazi iliyobaki ni kuwauliza, kuziwekea alama, na kuhakikisha hawafukuzwi kwenye njia zao wenyewe.

Sasa, kwa nini tuanzie Nakivubo? Wengi mnapajua kwa soko la Owino, kwa uwanja wa mpira wenye historia tangu 1926, kwa msongamano, na kwa ule mfereji mkubwa unaopeleka maji ya mji kuelekea Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha, kila mwenye duka huku chini anajua la kufanya: kuinua mzigo juu. Na sababu yake ndiyo sababu ya mwendesha baiskeli kuanzia hapa. Nakivubo ni bonde. Simama karibu na uwanja ule, tazama pande zote. Kule Nakasero, kule Kampala ya Zamani na msikiti wake, kule Namirembe na kanisa lake, kule Mengo, na upande mwingine Kibuli. Kutoka Nakivubo, karibu kila unapokwenda, unapanda. Hakuna shule bora ya vilima kuliko hii.

Tena, baiskeli si ngeni hapa. Njoo alfajiri uone. Kuku wanaingia mjini kwa baiskeli, miguu imefungwa, vichwa chini. Mikungu ya ndizi inaingia kwa baiskeli. Mkaa pia. Ile baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia, Roadmaster au Hero, yenye keria ya chuma nyuma ambayo fundi ameiongezea vyuma vingine vya kuimarisha, hiyo imelisha familia nyingi kuliko magari mengi ya kifahari yanayoipigia honi.

Na tusisahau, ndugu msikilizaji, kwamba hata bodaboda ilianza kama baiskeli. Mnamo miaka ya 1960, kule mpakani Busia na Malaba, vijana walibeba watu na mizigo nyuma ya baiskeli, wakiwavusha ile nafasi iliyo kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya. Walikuwa wakiita abiria wa kwenda mpaka hadi mpaka, kwa Kiingereza "border to border", na jina likabaki. Pikipiki ilikuja baadaye ikarithi jina na abiria. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba baiskeli ni mchezo wa Wazungu, mwambie aende Busia akaulize wazee.

Haya. Tunatokaje mjini?

Kwanza, toka mapema. Nasema mapema, saa kumi na mbili asubuhi, kabla teksi hazijaanza kugombania abiria. Ukiondoka Nakivubo saa mbili, utatumia nguvu zako zote kukwepa magari, na ukifika kilima cha kwanza umeshachoka roho kabla ya miguu.

Hapo mjini mamlaka ya jiji, KCCA, ilifanya jaribio ambalo linafaa kutajwa. Katika Barabara ya Namirembe na Luwum Street ilitengeneza sehemu ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ni hatua njema. Lakini pita pale mchana uone: bodaboda zimeegeshwa, bidhaa zimetandazwa, na mwenye baiskeli amerudi barabarani kugombana na magari. Simlaumu mama anayeuza nyanya pale, maana naye anatafuta riziki. Ninachosema ni kwamba kuchora njia ni jambo moja, na kuilinda ni jambo jingine. Tutalirudia hilo mbele.

Kutoka Nakivubo, pandisha Mengo. Usione haya kushuka na kusukuma. Ukifika juu, utaikuta ile barabara iliyonyooka kutoka ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mpaka Bulange, jengo la bunge la Buganda. Tulia hapo, pumua. Kisha teremka upande wa pili, ulipite Ziwa la Kabaka, ambalo si ziwa la asili: lilichimbwa kwa mikono ya watu, katika zama za Kabaka Mwanga wa Pili, miaka ya 1880. Halafu unaingia Nateete, na hapo ndipo mtihani wa kwanza unapokukuta.

Mtihani gani? Mtihani wa barabara kuu. Masaka Road ndiyo njia ya kwenda Masaka na Mbarara, na ndiyo njia ya malori ya Rwanda na ya Tanzania kupitia Mutukula. Lori la mizigo halina muda na wewe. Basi la usiku linalorudi alfajiri halina muda na wewe. Kwa hiyo naomba unisikilize vizuri: usiende Mpigi kwa kufuata Masaka Road mwanzo mpaka mwisho. Lami inavutia, ni laini, na ramani ya simu itakuambia ndiyo fupi. Lakini fupi kwa nani? Kwa gari.

Wewe, ukishapita Nateete, achana na lami mapema. Uliza njia ya Buddo. Muulize nani? Muulize yule kijana mwenye mikungu minne kwenye keria. Mwambie, "Ssebo, njia ya Buddo isiyo na malori ni ipi?" Atakuonyesha. Hajasoma ramani, lakini anajua wapi udongo ni mgumu, wapi daraja la mbao limeoza, wapi kuna mbwa wakali. Ndiyo maana nasema njia zipo.

Buddo ni kilima chenye heshima yake. Hapo Naggalabi ndipo Makabaka hutawazwa. Kabaka wa sasa, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, alitawazwa pale tarehe 31 Julai 1993, baada ya ufalme kufutwa kwa zaidi ya miaka 25. Kilima hicho hicho kina shule ya King's College Budo, iliyoanzishwa 1906. Kwa mgeni wa vilima, Buddo ni mahali pazuri pa kujipima. Ukifika juu na bado unaweza kumsalimia mtu bila kuhema, endelea. Ukishindwa kusalimia, kaa chini, kunywa maji, na ufikirie kurudi nyumbani kwa mteremko. Hakuna aibu.

Kutoka huko una uchaguzi. Unaweza kushuka upande wa Nakawuka, upitie Kasanje, uingie Mpigi kwa nyuma. Ni mzunguko mrefu zaidi, lakini ni mzunguko wa mashamba na vijiji, na si wa malori. Mpigi iko kama kilomita 37 kutoka Kampala kwa barabara kuu. Kwa njia hii ya vijijini utaongeza kilomita kadhaa, na vilima kadhaa, na watoto wasiohesabika wanaokimbia pembeni wakipiga kelele.

Hapa, wapendwa wasikilizaji, naomba tusimame kidogo tuzungumzie vilima vyenyewe. Kwa nini nchi hii imekaa hivi? Wale mliosafiri mmeona: vilima vya Buganda vingi havina ncha. Juu ni bapa. Sababu ni kwamba kileleni kuna tabaka gumu la udongo mwekundu uliogeuka kuwa mwamba, na tabaka hilo linakinga kilima kisiliwe na mvua. Chini kabisa, kati ya kilima na kilima, kuna kinamasi cha mafunjo. Na katikati, kwenye mbavu za kilima, ndiko kwenye rutuba, ndiko kwenye ndizi, kahawa na nyumba za watu.

Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii. Unaanza kwenye kinamasi, kuna ubaridi, unasikia vyura. Unaingia kwenye migomba, kivuli kinakufunika, barabara inaanza kuinuka. Unatoka juu, jua kali, nyasi, mawe mekundu, upepo. Kisha unashuka, na mambo yanarudi kwa mpangilio uleule kinyumenyume. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na vilima hivi vingi vinaishia mita 1,200 na kitu, au 1,300. Kwa hiyo hakuna mlima mmoja wa kukuua. Kuna vilima vidogo, vingi, vinavyofuatana, na hivyo ndivyo vinavyomaliza watu. Mgeni hutumia nguvu zote kwenye kilima cha pili. Mwenyeji huanza polepole, akamaliza polepole, na jioni bado anacheka.

Na kuna jambo jingine. Utajiuliza njiani: mbona barabara hii haizunguki kilima? Mbona inapanda moja kwa moja kama imechorwa kwa rula? Jibu lina historia. Kabla ya ukoloni, Buganda ilikuwa na mtandao wa barabara pana zilizokwenda kwenye ikulu ya Kabaka. Wageni kama Speke mwaka 1862, na Stanley mwaka 1875, walizistaajabia wakaziandika. Barabara hizo zilikuwa za miguu, za wajumbe na za majeshi, na mtembea kwa miguu hapendi kuzunguka. Zilikwenda wima, zikavuka vilima na vinamasi. Na wananchi ndio waliozitunza, kwa kazi ya pamoja inayoitwa bulungi bwansi: kila nyumba inatoa mtu, jembe na panga, siku moja, kwa faida ya wote. Wengi mnaifanya hata leo, mnafyeka, mnazibua mitaro.

Kwa hiyo ukishuka na kusukuma baiskeli kwenye mwinuko wa namna hiyo, elewa kwamba barabara za nchi hii zilijifunza njia kutoka kwa miguu. Kusukuma pale si kushindwa. Mbeba matoke naye anasukuma.

Tumefika Mpigi. Tupumzike. Hapa kula kikomando, yaani chapati na maharage, au rolekisi, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, na ukipata munanansi wa baridi, kinywaji cha nanasi, kunywa. Mpigi ina mambo mengi kwa mtu asiye na haraka. Kuna msitu wa Mpanga, msitu wa hifadhi wenye miti mikubwa na ndege wengi, na ndani yake kuna vijia vya kutembea. Karibu nao kuna Mpambire, wanakotengeneza ngoma. Utaziona pembeni mwa barabara zimepangwa kubwa kwa ndogo, ngozi bado zinakauka. Na katika eneo hili la Mawokota kuna mafundi wa ukoo wa Ngonge, ukoo wa fisi-maji, wanaotengeneza lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Ufundi huo UNESCO iliutambua mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wanalitoa gome mtini, mti hauuawi, kisha wanaligonga kwa nyundo za mbao mpaka linapanuka na kuwa laini. Ukiwa ndani ya gari umefunga vioo, zile nyundo huzisikii. Ukiwa kwenye baiskeli unazisikia kabla hujafika.

Wenye muda wa siku moja watarudi kutoka hapa. Wenye muda wa siku mbili, twendeni Butambala.

Butambala ni wilaya ndogo, iliyomegwa kutoka Mpigi mwaka 2010. Watalii hawaendi huko. Hakuna sokwe wa milimani, hakuna maporomoko ya maji yaliyo kwenye kalenda. Kuna vilima, kahawa, ndizi, mairungi, yaani miraa, na misikiti. Naam, misikiti, na hapo pia pana historia. Baada ya vita vya dini vya mwisho wa karne ya 19, Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu walipogawana kaunti za Buganda, Waislamu walibakiwa na Butambala. Chifu wake, Katambala, akawa Mwislamu. Kwa hiyo ukipita Kibibi au Gombe adhuhuri utasikia adhana kutoka kilima hiki na kile, na ukimwamkia mzee kwa Kiswahili, "Shikamoo, mzee," usishangae akikujibu kwa Kiswahili safi. Lugha hii ilikuja Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Uislamu, tangu zama za Kabaka Ssuuna wa Pili, miaka ya 1840.

Barabara kutoka Mpigi kupita Butambala mpaka Kanoni, kule Gomba, ni ya lami sasa. Kwa miaka mingi ilikuwa tulivu. Kisha ukaja Mei 2023. Mnakumbuka? Mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye Masaka Road, barabara kuu ikafungwa, na malori, mabasi na magari yote ya Masaka, Mbarara na nchi jirani yakaelekezwa kupita huku, Mpigi, Kanoni, Sembabule, mpaka Villa Maria na Masaka. Ghafla watu wa Butambala waliamka wakakuta dunia nzima inapita mlangoni mwao. Aliyekuwa akienda sokoni kwa baiskeli katikati ya lami, akisalimiana na watu, alijikuta kwenye majani.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari pamoja. Lami ni neema. Hakuna mama mjamzito anayetamani barabara ya matope. Lakini lami inapokuja, nani anafikiriwa? Mara nyingi injinia hupima upana wa magari mawili, akaweka mtaro, akamaliza. Ukingo wa kutosha wa baiskeli na wa mtoto anayekwenda shule haupo. Mwaka wa kwanza wanakijiji hufurahi. Mwaka wa pili huanza kuzika. Zile njia za Nakawuka na Kasanje nilizozitaja nazo ziliwekwa kwenye mipango ya serikali ya kuwekewa lami. Swali langu: je, baiskeli zimo kwenye michoro hiyo?

Tutazame wenzetu, bila kuwaiga kwa upofu.

Italia, katika vilima vya Chianti huko Tuscany, kulikuwa na barabara nyeupe za changarawe, za wakulima wa zabibu, ambazo zilikuwa zikimezwa na lami moja baada ya nyingine. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole, watu wachache walianzisha safari ya baiskeli za zamani kwenye barabara hizo, wakaiita L'Eroica. Lengo lilikuwa kuonyesha kwamba barabara ya vumbi nayo ina thamani. Leo watu wanatoka mabara yote kuipanda, na kuna mzunguko wa kudumu wa kilomita 209 wenye vibao, ambao mtu anaweza kuufuata siku yoyote ya mwaka. Wakulima wanapangisha vyumba, wanauza divai, jibini na chakula. Utajiri wao ulikuwa ni changarawe iliyotunzwa na vibao vya kuelekeza.

Na tusiende mbali. Rwanda wana Congo Nile Trail, kilomita 227 pembeni mwa Ziwa Kivu, kutoka Rubavu mpaka Rusizi, vilima juu ya vilima. Na Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa katika Afrika. Wanaume waliendesha kilomita 267 na nusu, wakapanda na kile kilima cha mawe kinachoitwa Kwa Mutwe, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Dunia iliona kwamba vilima vya eneo letu si kikwazo. Ni mali.

Na sisi Uganda? Tunao waendeshaji. Charles Kagimu aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Masaka kuna klabu ya baiskeli iliyolea vijana wa kushindana kimataifa. Jinja kuna shirika la FABIO linalohamasisha matumizi ya baiskeli. Watu wapo. Vilima vipo. Njia, narudia, zipo.

Nini hakipo? Naona mambo matatu. La kwanza, alama. Kibao kidogo kwenye njia panda: Buddo huku, Kasanje kule, maji yanapatikana hapa. La pili, ukingo: kila barabara mpya ya lami iache nafasi ya baiskeli, na nafasi hiyo ilindwe, isiwe kama ile ya mjini iliyogeuka maegesho. La tatu, heshima. Na hili la tatu ndilo gumu. Tukitengeneza njia kwa ajili ya mgeni mwenye kofia ya plastiki na baiskeli ya bei ya ng'ombe kumi, halafu tukamwambia mbeba matoke asogee kando asiharibu picha, tutakuwa tumeharibu kila kitu. Njia ni yake. Mgeni ni mgeni.

Katika hiyo heshima nawataja pia akina dada. Kuna familia nyingi bado zinazosema msichana asiye na aibu ndiye anayepanda baiskeli. Nawauliza wazazi wanaonisikiliza: msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda shule, akifika amechoka, akirudi giza limeingia, yupi aliye salama zaidi, huyo au aliye juu ya baiskeli? Jibu mnalo.

Sasa nimalizie kwa mawaidha ya safari, maana najua kuna mtu Jumamosi hii anataka kujaribu.

Angalia majira. Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba, mvua inanyesha sana, na udongo huu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Januari, Februari, Juni na Julai ni nafuu, ingawa utakula vumbi. Beba maji ya kutosha, kwa sababu kati ya kilima na kilima duka linaweza kukosekana. Beba pampu, viraka, gundi na tyubu moja ya akiba. Kagua breki kabla ya kutoka nyumbani, si ukiwa kwenye mteremko wa Buddo. Ukiharibikiwa, uliza fundi, maana hakuna senta ya biashara isiyo na fundi wa baiskeli chini ya mti, mwenye spoki na nyundo, na aghalabu atakutengeneza wakati wewe unakunywa chai. Vaa kitu cha rangi kali. Usiendeshe usiku, nasema tena, usiendeshe usiku. Jua likianza kushuka na bado uko mbali, simamisha teksi, baiskeli ifungwe juu ya paa, urudi nayo.

Na pesa yako iache njiani. Usibebe chakula chote kutoka supamaketi ya Kampala. Nunua ndizi kwa mama wa Kasanje, kunywa chai Kibibi, lala Gombe, nunua ngoma Mpambire kama una pa kuifunga. Kijiji kikiona kwamba baiskeli inaleta biashara, kijiji chenyewe kitazibua mtaro na kupanga mawe kwenye daraja. Hiyo ndiyo bulungi bwansi ya leo.

Kwa hiyo, turudie kwa kifupi. Moja: toka mapema na uepuke barabara kuu. Mbili: panda polepole, sukuma inapobidi, usishindane na kilima. Tatu: muulize mbeba matoke, kwani ndiye mwenye ramani. Nne: acha pesa yako kijijini.

Na la tano nawapa wale ambao hata hawana baiskeli. Siku itakayofika kijijini kwenu ile timu ya barabara, wameitisha mkutano chini ya mwembe, wameleta michoro, wanazungumza habari za fidia na mitaro, wewe nyosha mkono. Usiulize kwanza lami itafika lini. Uliza hivi: "Ssebo injinia, ukingo wa barabara hii una upana gani, na baiskeli itapita wapi?" Mpaka akujibu kwa mita, usikae chini. Na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

 Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakutana saa kama hii. Wenye maswali kuhusu njia za Mpigi na Butambala, tuleteeni, tutayajibu hapa hapa. Mpaka wakati huo, safari njema na jioni njema.